Dante Hana Haja ya Kupitia London

Nilirudishiwa daftari langu likiwa na barua ya aya tatu. Ndani ya daftari mlikuwa na nyimbo tisa nilizoziteua katika Jahanamu, sehemu ya kwanza ya Divina Commedia ya Dante Alighieri, nilizozifasiri kutoka Kiitaliano kwa muda wa miaka sita, hapa Mwembesongo, chini ya milima ya Uluguru. Aya ya kwanza ya barua ilikuwa ya shukurani. Ya pili ilisema kwamba tafsiri yangu “hailingani na Kiingereza”, na kwa hiyo mhariri hana njia ya kuithibitisha. Ya tatu ilikuwa na nasaha mbili: niache vina na mizani, kwa kuwa Dante akivishwa kanzu ya ushairi wa kimapokeo “anazeeka”; tena niuondoe wimbo wa 28, “usije ukawaudhi wasomaji”.

Mchapishaji huyo simtaji. Hakunitukana, wala hakunidhulumu; aliniandikia kwa adabu kuliko wengi. Bali aliyoyasema ndiyo yasemwayo na kila mtu siku hizi, katika semina na katika vyumba vya wahariri, na hakuna anayeyajibu. Nayajibu hapa, mbele ya wasomaji wa visiwani na pwani, ambao ndio mahakimu wa ushairi ninaowaamini hata wanaponihukumu vibaya.

Nianze na Kiingereza, kwa kuwa ndicho mzizi wa mengine. Italia anayoijua msomaji wa Kiswahili ni Italia ya Shakespeare. Mwalimu Nyerere alitupa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, akairudia na kuitengeneza upya kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, na mwaka huo huo akatupa Mabepari wa Venisi. Sina ila heshima kwa kazi hiyo. Rais wa nchi changa, mwenye mambo mia mezani, anakaa usiku kupima mizani ya mishororo: ni wangapi duniani? Lakini tazama kilichotupata. Tuliipokea Venisi kutoka kwa Mwingereza, tukadhani ni yake. Kisa cha ratili ya nyama kilikuwa kimekwisha andikwa na Mtaliani, Ser Giovanni wa Firenze, katika kitabu chake Il Pecorone cha karne ya 14, kikapigwa chapa mwaka 1558, kabla Shakespeare hajazaliwa. Othello naye alitoka katika hadithi ya Giraldi Cinthio iliyochapwa mwaka 1565. Shakespeare alikopa kwa Wataliani, akatengeneza mali yake kwa mtaji huo, nasi tukaenda kununua dukani kwake. Sasa tunaambiwa kwamba bidhaa isiyo na chapa ya duka hilo haithibitiki!

Hoja yao ni kwamba Kiitaliano hakijulikani kwetu. Hakijulikani na nani? Nenda Kiwengwa. Nenda Nungwi. Vuka uende Malindi na Watamu. Utamkuta kijana aliyeishia darasa la saba, anayeitwa papasi na wenye hoteli, akisema Kiitaliano kwa kasi ambayo mimi mwenye makamusi sitaifikia mpaka nife. Hakuna chuo kilichomfundisha. Amekinyanyua mchangani, neno kwa neno, kama mtu anavyookota kombe maji yakitoka. Kisha njoo bara. Uliza katika majimbo ya Kanisa Katoliki, kuanzia Iringa hadi Dodoma, hata hapa Morogoro, ni mapadre na masista wangapi waliosomea Rome, wakasikiliza mihadhara kwa Kiitaliano, wakafanya mitihani kwa Kiitaliano, wakarudi. Kwa miaka mingi tumekuwa na makundi mawili ya Waswahili wanaokijua Kiitaliano kwa kukiishi: mapadre na papasi. Kundi la kwanza tumeliachia ibada, la pili tumeliachia watalii. Hakuna aliyewahi kuwaendea na kuwauliza, jamani, shairi hili linasemaje?

Mimi si wa kundi lolote. Sikusoma chuo, na mlangoni pa hoteli ya pwani nimepita kama mpita njia. Nilianza na kamusi ya Padre Vittorio Merlo Pick, mmisionari wa Shirika la Consolata, niliyoinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika. Aliitunga ili Wataliani wajue Kiswahili. Mimi nikaisoma kinyume. Ndiyo maana Kiitaliano changu ni cha macho kuliko cha masikio, na nimefanya makosa ambayo papasi yeyote angenicheka. Lakini makosa hayo ni yangu na Dante. Sikumweka mtu wa tatu katikati.

Wenzetu, kwa upande wao, hawamweki. Katika Chuo cha Orientale cha Napoli, Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi. Pale ndipo alipofundisha Bibi Elena Zúbková Bertoncini, mwenye kitabu cha historia ya fasihi yetu kilichotoka mwaka 1989, na wanafunzi wake na wa baada yao wanasoma Kezilahabi na wengine kwa Kiswahili chenyewe, wakiwaeleza Wataliani kwa Kitaliani. Hawaendi London kuuliza kama tafsiri yao inalingana. Ni aibu gani hii, kwamba Napoli ijue njia ya moja kwa moja ya kuja Dar es Salaam, na Dar es Salaam haijui ya kwenda Napoli?

(Sisemi Wataliani wote wametujia vizuri. Mshairi Pier Paolo Pasolini alifika Tanzania na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960 na kamera, akatengeneza Appunti per un'Orestiade africana, filamu ya mwaka 1970 inayotaka kuuvalisha mchezo wa Myunani wa kale sura za Kiafrika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akakifanya hekalu la mungu Apollo. Aliporudi Rome akawaonyesha wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma huko, nao wakamwambia usoni kwamba Afrika si kitu kimoja na si makabila matupu. Mtu huyu alikuwa mshairi mkubwa, aliyetunga kwa lahaja ya kwao mama yake, Kifriuli, wakati wakubwa wakiidharau. Alikuja katika nchi ambayo kila gazeti lilikuwa na ukurasa wa mashairi. Katika filamu nzima simsikii malenga hata mmoja.)

Sasa nije kwenye vina, ambako damu yangu huchemka.

Kiitaliano na Kiswahili havina udugu wa asili, lakini vimekutana katika mambo mawili ambayo kwa mshairi ni makubwa kuliko nasaba. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu. Ya Kiitaliano, karibu yote, vilevile. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kiitaliano, mara nyingi, papo hapo. Stella, nyota: silabi mbili, mkazo mahali pamoja, mdomo umefunguka mwishoni. Ndiyo maana vina kwa Mtaliani ni vingi kama maembe ya Kinole msimuni, na kwetu pia, ilhali kwa Mwingereza ni vya kutafutwa kwa tochi. Maneno yake huishia na konsonanti za kila namna, na lugha yake yapima mshororo kwa mapigo ya mkazo. Mtaliani hupima kwa kuhesabu silabi. Sisi pia: mizani ni silabi.

Dante alitunga mishororo 14,233, katika nyimbo 100, kila mshororo una silabi kumi na moja, na beti zake ni za mishororo mitatu mitatu. Kina cha mshororo wa kati katika ubeti mmoja huwa kina cha mshororo wa kwanza na wa tatu katika ubeti ufuatao. Ubeti unaushika ubeti mkono. Huwezi kuuchomoa mmoja bila wa pili kulia. Alipofika kwa Waingereza na Wamarekani, mkufu huo ulikatwa: Henry Cary, aliyeikamilisha tafsiri yake mwaka 1814, aliacha vina, Longfellow, mwaka 1867, aliacha vina. Wapo waliojaribu kuvirudisha, kama Dorothy Sayers katika karne iliyopita, kwa jasho jingi. Basi mfasiri wetu anayepitia London anamkuta Dante ameshavuliwa nguo njiani, halafu anatuambia, kwa uso mkavu wa mtaalamu, kwamba mzee huyu alikuwa akitembea uchi.

Hapo ndipo wapenzi wa shairi huru wanapoingia. Wananiambia: dunia imeacha vina. Dunia ipi? Giuseppe Ungaretti, mzaliwa wa Alexandria huko Misri, ndiye aliyeupasua mshororo wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaandika mashairi yenye mishororo ya neno moja, maneno mawili. Wataalamu wetu humtaja sana. Hawataji kwamba katika diwani yake Sentimento del tempo, ya mwaka 1933, alirudi kwenye vipimo vya kale vya lugha yake, ile silabi kumi na moja ikiwemo. Alikwenda mbali, akaona, akarudi na alichokiona. Sina ugomvi na shairi huru. Kichomi ya Kezilahabi, ya mwaka 1974, naipenda, na nina hakika baadhi ya mashairi yaliyomo yatakaa kuliko mengi ya warari wa mizani, mimi nikiwa mmojawapo. Ugomvi wangu ni na mtu anayelichukua shairi lililofumwa kwa vina, akalifumua, kisha akaliita fumuo hilo maendeleo.

Na kwetu zana zipo. Hatuhitaji kuagiza. Tuna tathlitha, ubeti wa mishororo mitatu. Tuna pindu, ambalo wengine huliita mkufu, ambapo mwisho wa ubeti ndio mwanzo wa ubeti unaofuata. Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, aliandika sheria zetu za kutunga zikachapwa mwaka 1954, na humo hakuna linalokataza kuoanisha tathlitha na pindu. Nilifanya hivyo. Kina cha mwisho cha ubeti wa kwanza nikakifanya kina cha kati cha wa pili, na kipande cha mwisho nikakirudia mwanzoni. Sitanukuu hapa tafsiri yenyewe. Nitatoa beti mbili zangu za majaribio, nilizotunga ili kuupima mkono, zisizo na uhusiano na Dante ila umbo:

Ukungu u milimani, asubuhi umeshuka,
Mto waja mabondeni, kwa mawe unasikika,
Nimefika ukingoni, sijui pa kuuvuka.

Sijui pa kuuvuka, maji yapanda kwa kima,
Wenzangu wameshavuka, ng'ambo naona walima,
Nami hapa nimeshika, jembe langu nasimama.

Si beti za kupeleka mashindanoni. Lakini msomaji ataona kwamba mkufu umeshika, na kwamba hakuna neno lililoteguliwa kiungo ili likubali. Mizani kumi na sita dhidi ya silabi kumi na moja: mtu atasema nimeongeza maji. Ajue kwamba Mtaliani irabu mbili zinapokutana huzimeza zikawa silabi moja, ilhali sisi kila irabu twaihesabu. Tena maneno yetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, yakawa marefu. Nimepima wimbo mmoja mzima. Maji niliyoongeza si mengi, na pengine ni machache kuliko damu aliyomwaga Longfellow.

Nikiri ninaposhindwa. Giacomo Leopardi, mwaka 1819, alitunga L'infinito, mishororo kumi na mitano ya silabi kumi na moja, isiyo na kina hata kimoja. Kwa sheria zetu hilo ni guni. Nimelijaribu kwa vina, likafa mikononi mwangu; lilikuwa kama mtu aliyenyamaza ukamlazimisha kuimba. Nikalijaribu kwa mizani bila vina, kama Mwalimu alivyofanya kwa Shakespeare, likapumua. Wahafidhina wenzangu wa arudhi wakinipiga kwa hilo, nitapigwa. Kanuni yangu si vina kila mahali. Ni kwamba alichokifunga mwenyewe kifungwe, na alichokifungua kiachwe wazi.

Kuna jambo jingine ambalo Dante anatuhusu, nalo sikulisoma kwa mtaalamu yeyote. Nililiona mwenyewe kwa kuwa nimezaliwa nilikozaliwa. Baada ya kufukuzwa kwao Firenze mwaka 1302, alianza kuandika kitabu juu ya lugha ya kienyeji, De vulgari eloquentia, ambacho hakukimaliza. Alikiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi, ili kuitetea ile ambayo mtoto hunyonya kwa mlezi bila kanuni yoyote. Akapita akizipima lahaja kumi na nne za Italia, asiione hata moja inayostahili kuwa lugha tukufu ya ushairi, hata ya kwao. Lugha hiyo, akasema, inanukia kila mji na haikai katika mji wowote. Mimi bibi yangu alinilea kwa Kiluguru, Kiswahili nikakipata Mwembesongo barabarani na Kiamu nikakipata katika vitabu vya mashairi. Wengi wa visiwani mnatuhesabu sisi wa bara kuwa wageni katika nyumba ya lugha hii, na kwa masikio yenu mna haki: tunakosea mengi. Lakini nani alisema nyumba ni Unguja? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulisema, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikatia muhuri, na waliokuwa wakisema ni maofisa na wamisionari. Washairi hawakuulizwa; waliendelea kutunga kwa Kimvita na Kiamu kana kwamba hakuna kilichotokea. Italia ilikwenda kinyume. Ilipoungana mwaka 1861, kwa makadirio ya Tullio De Mauro, ni watu wawili na nusu tu katika kila mia waliokijua Kiitaliano. Lakini lugha ilikuwapo tayari, imekaa vitabuni miaka mia tano ikiwangoja, kwa kuwa Dante, Petrarca na Boccaccio waliiweka humo. Kwetu wasemaji walitangulia kwa mamilioni, vitabu vikafuata kwa kuchechemea. Ndiyo maana nafasi ya fasihi ya Italia kwetu siihesabu kuwa ni pambo la kabati la wasomi. Ni watu waliolitatua tatizo letu kutoka upande wa pili.

Na kufukuzwa kwenyewe hakuhitaji tanbihi hapa pwani. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa kuuliza Kenya inakwenda wapi, akatoka mwaka 1972 na Sauti ya Dhiki, kisha akaishi nje ya nchi yake miaka mingi. Anayemjua huyo amekwisha mjua nusu ya Dante.

Nimefika kwenye wimbo wa 28. Nilikuwa nikiuchelewesha, na msomaji Mwislamu ameona.

Katika wimbo huo Dante amewaweka motoni, miongoni mwa aliowaita wapanda mifarakano, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) na Sayyidna Ali, na amewaeleza kwa maneno ambayo mkono wangu ulitetemeka kuyaandika. Mimi ni Mwislamu. Niliufunga ukurasa huo miezi minane. Si mimi wa kwanza kusimama hapo: Hassan Osman wa Misri, aliyeitoa Jahanamu kwa Kiarabu mwaka 1959, aliiruka mistari hiyo. Mwaka 2021 tafsiri mpya ya Kiholanzi ililiondoa jina la Mtume, ili, walisema, wasomaji vijana wasiumizwe bure. Nawaheshimu wote wawili, na nakataa kuwafuata.

Nakataa kwa sababu ya Kiswahili, si ya Kizungu. Msiniletee uhuru wa mwandishi wa Ulaya, sikuutaja. Sisi tuna ada yetu ya zamani juu ya shairi la uadui. Enzi za vita vya Shela, Muyaka bin Haji akiwa Mombasa na malenga wa Lamu wakiwa kwao, walirushiana mashairi ya kejeli makali kuliko mikuki. Hakuna aliyelichoma shairi la mwenzake. Lilisomwa lote mbele ya watu, likahifadhiwa kichwani, kisha likajibiwa kwa bahari yake na kwa vina vyake, na leo tunayo ya pande zote mbili. Shairi lisilojibiwa ndilo lililoshinda. Nasi tukiliondoa tusi la Dante tumeliacha bila jibu, huku kila mwenye Kiingereza akilisoma. Wanazuoni wetu wamesema zamani: mwenye kunukuu ukafiri si kafiri. Basi nililinukuu, na kando yake, katika daftari lile lile, nikaandika beti kumi na mbili za majibu, tathlitha kwa tathlitha, kwa umbo la mkufu alilolifunga mwenyewe. Barua ya mchapishaji haikuzitaja beti hizo hata kwa neno moja. Sijui kama aliziona. Alikuwa akilinganisha na Kiingereza, na humo hazimo.

Katika majibu yangu nimemkumbusha Dante deni lake. Katika wimbo wa 4 yeye mwenyewe amewaweka Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin mahali pasipo adhabu, pamoja na wenye hekima wa kale. Alijua basi anakula kwa nani. Na liko kubwa kuliko hilo. Mwaka 1919 Mhispania Miguel Asín Palacios alitoa kitabu akidai kwamba safari nzima ya Dante, ngazi kwa ngazi, kutoka moto hadi nuru, inafuata hadithi za Miraji ya Mtume. Wataliani walimjia juu. Kisha mwaka 1949 Enrico Cerulli, Mtaliani, alichapisha Vatikani kitabu kilichosahauliwa: masimulizi ya Miraji yaliyofasiriwa kwa Kilatini na Kifaransa mwaka 1264, huko Hispania, na mwandishi aitwaye Bonaventura, mtu wa Siena, jirani kabisa na Firenze, mwaka mmoja kabla Dante hajazaliwa. Kama Dante alikisoma au la, wanabishana hadi leo. Nami sitawaamulia. Lakini mzee wa Unguja anayekaa usiku wa mwezi ishirini na saba Rajabu akisikiliza Miraji inasomwa, mbingu moja baada ya nyingine, ana ufunguo wa kumsomea Dante ambao profesa wa Oxford hana. Mwenye kuujua Inkishafi, na majina ya mioto ambayo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ameyapanga mwishoni mwake, hawezi kuishangaa Jahanamu ya mtu wa Firenze. Atauliza tu kwa nini huyu ameweka moto wenye barafu ndani. (Kwa Wakatoliki wa huku kwetu nina deni pia: neno toharani, la sehemu ya pili, ni lao, na ni zuri mno, limetoka katika tohara, na Dante angelifurahia.)

Cerulli huyo huyo ndiye aliyetoa, mwaka 1957, Kitabu cha Zunuj, historia ya Kiarabu ya pwani yetu. Alikuwa afisa mkubwa wa ukoloni wa Wataliani katika Somalia na Ethiopia, na sina sifa za kumpa kwa hilo. Naona tu kwamba meza moja ilibeba Miraji iliyokwenda Siena na habari za Mombasa na Kilwa, na kwamba karne nane kabla yake, mwaka 1154, al-Idrisi naye alikuwa Palermo, kwa mfalme Roger, akiandika jina la Malindi. Tumekuwa katika maktaba za Italia muda mrefu. Ni wao ambao hawamo katika zetu.

Nimalizie na mfano mmoja uliotolewa na barua ile kuthibitisha kwamba nimekosea. Ni mwanzo wa wimbo wa 21, ambapo Dante anafananisha shimo la moto na kiwanda cha merikebu cha Venisi wakati wa baridi: dutu nyeusi inachemka, mafundi wanaziba mbavu za vyombo vilivyochoka, mwingine anachonga makasia, mwingine anasokota kamba. Mimi niliandika “kalafati”. Mchapishaji alisema neno hilo halimo.

Ni kweli kwamba halimo. Dante pale alitumia neno jingine, la kuziba kwa nyuzi za katani. Lakini neno la kawaida la mafundi wa Italia kwa kazi hiyo ni calafatare, nalo limezunguka bandari zote za Mediterania na za Waarabu mpaka likafika Nungwi. Hata kiwanda chenyewe Dante amekiita arzanà, ambalo ni dar as-sina'a la Kiarabu. Mtu wa milimani kama mimi hakujua lolote la haya. Nilipopitia Kiingereza, katika rasimu ya kwanza, niliandika “wanaziba nyufa kwa lami”, na picha iliyokuja akilini ilikuwa barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikikarabatiwa. Nilikwenda Nungwi. Nilikaa siku mbili chini ya mkungu nikimtazama fundi akiikandamiza pamba katika mianya ya jahazi kwa patasi na nyundo, na kijana mmoja anayetembeza watalii akasimama, nikamwonyesha mishororo ya Kiitaliano. Aliisoma kwa sauti, akacheka, akasema hicho ni Kiitaliano cha babu yao. Lakini alipofika kwenye neno la kuziba alimnyooshea kidole fundi: hicho hicho anachokifanya huyo.

Kalafati, basi, siiondoi. Linalonisumbua ni ile dutu inayochemka. Lami ni ya barabara. Deheni ni ya chombo, lakini fundi aliniambia deheni ina shahamu na chokaa, hupakwa chini ya maji, na si nyeusi. Ya Venisi ilikuwa nyeusi, nzito, ikinata. Kama kuna mzee wa Pemba, Tumbatu au Lamu anayekumbuka jina la kitu cha namna hiyo kabla ya rangi za makopo, nafasi ya mizani mitatu nimeiacha wazi katika ubeti wa tatu.